Maswali ya Wasomaji: Kompresa za Presha Kubwa na Unyevu wa Pwani ya Kusini

Barua za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu kompresa zinazopandisha hewa hadi bar 200 au 300, yaani mara 200 au 300 ya presha ya hewa ya kawaida. Wengine wanajazia mitungi ya kuzamia, wengine bunduki za upepo. Mashine hizi si ndugu wa kompresa ya gereji, ambayo huishia bar 8 au 10. Karibu kila tatizo mliloandika linaanzia sehemu moja: hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi, na aliyeiuza mashine alizungumzia presha tu.

Shikamooni mafundi. Nina bunduki ya upepo ya kulengea shabaha. Chupa yake ni ya sentimita za ujazo 300 na hujazwa hadi bar 250. Pampu ya mkono imenichosha. Nimeona kompresa ndogo ya volti 12 ya kuunga kwenye betri ya gari, na nyingine ya umeme wa nyumbani inayopozwa kwa maji ya ndoo. Zote zimeandikwa bar 300. Ninunue ipi? – Msomaji wa Shangani, Mtwara

Marahaba. Anza kwa kupiga hesabu ya hewa unayohitaji. Chupa yako ni lita 0.3. Ukiijaza kutoka bar 100 hadi 250 umeongeza bar 150, na 0.3 mara 150 ni lita 45 za hewa ya kawaida. Ni hewa kidogo, mashine yoyote kati ya hizo itaimaliza kwa dakika chache. Kwa hiyo usichague kwa kuangalia kasi. Angalia joto na maji.

Joto kwanza. Mashine nyingi za bei nafuu zina hatua mbili tu za kubana. Ili ifike bar 300 kwa hatua mbili, kila pistoni inabidi ibane hewa takriban mara 17. Mashine ya hatua tatu hubana kama mara 6.7 tu kila hatua, na hewa hupoa katikati. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara 17 kwa mkupuo bila kupozwa, kwa hesabu ingepita nyuzi 400. Ikibanwa mara 6.7 ingefika kama 250. Chuma hupunguza joto hilo, lakini sasa unaelewa kwa nini ringi za pistoni na oringi (pete za mpira za kuzuia hewa isivuje) za hatua ya mwisho ndizo hufa kwanza.

Ile ya volti 12 basi ifanye kazi kwa vipindi: dakika kumi, kisha ipumzike mpaka uweze kuweka kiganja juu ya hedi (kichwa cha silinda) bila kukitoa. Washa injini ya gari wakati wa kujaza, maana mashine ya wati 300 hunyonya ampea 25 na betri peke yake haitavumilia. Ya ndoo hudumu muda mrefu zaidi, ila itake maji baridi kweli. Weka lita 15 au 20 za maji ya mvua au ya bomba, tumbukiza chupa mbili za maji yaliyogandishwa, na geji ya joto ikikaribia nyuzi 60 badilisha maji. Usitumie maji ya bahari, wala ya kisima chenye chumvi. Njia za maji ndani ya hedi ni nyembamba, na magadi yakishashika humo hayatoki.

Sasa maji yaliyo ndani ya hewa yenyewe. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni siku ya kawaida kabisa Shangani, ina takriban gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Zile lita 45 zako zina gramu moja na ushee. Ikishabanwa ndani ya chupa ndogo, karibu yote hugeuka matone. Jaza mara hamsini bila filta, umemimina gramu hamsini za maji kwenye valvu na regyuleta (kifaa cha kusawazisha presha) ya bunduki. Kwanza risasi zitaanza kupishana nguvu, halafu utaona kutu kwenye springi ya valvu.

Shauri letu: kwa bunduki moja, nunua ya volti 12, na pesa inayobaki weka kwenye filta ya ziada ya bomba refu, yenye pamba mwanzoni na punje za kunyonya unyevu nyuma yake. Kama mko watu watatu wanne, nunueni ya ndoo. Kama mnawaza mtungi uliosukwa kwa nyuzi za kaboni wa lita 6.8, jueni kwamba kuutoa bar 150 hadi 300 ni lita 1,020. Mashine ya lita 8 kwa dakika itahitaji zaidi ya saa mbili, na hiyo ndogo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Habari za kibali cha bunduki ulizia kituo cha polisi kabla ya kununua chochote.

Kompresa yangu ya kuzamia ni ya lita 100 kwa dakika. Nikifungua koki za chini hutoka majimaji meupe kama tui la nazi. Jirani anasema oili inavujia kwenye hewa na mashine imekufa. Ni kweli? – Msomaji wa Mikindani

Mashine yako ni nzima, tena inafanya kazi yake vizuri. Tui hilo ni maji yaliyochanganyika na chembe za oili ya pistoni. Mtungi wa lita 12 ukijazwa kutoka bar 50 hadi 200 hupokea lita 1,800 za hewa. Kwa gramu 24 kwa mita ya ujazo, humo mna gramu 43 za maji, sawa na vijiko vitatu vya chakula. Yote lazima yatoke kwenye koki au yanywewe na filta.

Wasiwasi uje siku tui lisipotoka. Hapo koki imeziba, na maji yanaelekea kwenye katriji, yaani kopo la filta linalosafisha hewa. Tui likiwa la kahawia au jeusi na linanuka kuungua, oili inapikwa: aina ya oili si sahihi, feni au mapezi ya kupoza yamejaa vumbi, au valvu ya hatua ya mwisho inarudisha hewa moto.

Namna ya kutoa: kila dakika 10 hadi 15, bila kuzima mashine, anza na koki ya hatua ya kwanza kisha nenda juu. Ifungue robo mzunguko, polepole, mpaka isikike hewa kavu peke yake, halafu funga. Kinga majimaji kwenye dumu, usiyamwage mchangani karibu na maji.

Kisha filta. Katriji nzuri ina punje za kunyonya unyevu, mkaa maalumu wa kunasa mvuke wa oili, na mara nyingi tabaka la hopkaliti linalogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Mpangilio huo una sababu: hopkaliti ikilowa haifanyi kazi. Saa zilizoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida ni za chumba cha nyuzi 20. Hewa iliyojaa mvuke hubeba gramu 17 za maji kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 20, gramu 30 kwenye nyuzi 30, na gramu 51 kwenye nyuzi 40. Kwa hiyo filta ikishika nyuzi 30, katriji ya saa 40 ihesabu kuwa ya saa 23. Ikishika 40, usizidi 13. Vuta mashine kivulini, uone unavyookoa pesa.

Kuna kipimo kingine rahisi kinachosahauliwa. Pima katriji mpya kwa mizani ya jikoni siku unayoiweka, andika gramu kwenye daftari, halafu ipime tena ukiitoa. Watengenezaji wengi hutaja uzito ambao ikifikia imeshiba. Na jioni ukizima, usiteremshe presha ya filta hadi sifuri. Iache na bar 50 au zaidi ili hewa ya baharini isiingie usiku kucha na kuilowesha ikiwa imelala. Unaitoa yote pale tu unapotaka kufungua kifuniko.

Kaka yangu ana ile kompresa ya ndoo ya bunduki za upepo. Nina nyumba ya wageni na mitungi mitatu ya kuzamia. Anasema bar 200 ni bar 200, anijazie. – Dada wa Kilwa Masoko

Dada, mkatalie. Presha itafika, ila hewa yenyewe haifai mapafu. Mashine ile huwa haina katriji ya kusafisha hewa ya kupumua. Oili yake ikipata joto hutoa mvuke, na ikiungua hutoa kaboni monoksidi. Kipimo cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu kaboni monoksidi isiyozidi sehemu 5 kwa milioni, kaboni dioksidi sehemu 500, na oili nusu miligramu kwa mita ya ujazo. Filta ya pamba haijui vipimo hivyo. Usidanganywe pia na filta ya ziada inayouzwa kwa ajili ya bunduki: hiyo hukausha hewa tu.

Kinyume chake kinawezekana, na kaka yako atafurahi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa safi hadi bar 230 unaweza kujaza bunduki yenye chupa ya lita 0.3. Kila akitoka bar 130 hadi 200 anatumia lita 21, na mtungi unashuka chini ya bar 2. Atajaza kamili mara 17 kabla mtungi haujafika bar 200. Anachohitaji ni kichwa cha kujazia chenye geji, hozi nyembamba na skrubu ya kutolea hewa. Afungue valvu ya mtungi taratibu kabisa.

Mashine ya hatua tatu, mota ya kilowati 2.2. Zamani ilifika bar 200 bila shida, sasa inagota 140. Fundi wa hapa anataka kufungua pistoni zote. – Msomaji wa Lindi Mjini

Mwambie asubiri. Pistoni ni za mwisho.

Funga valvu ya kujazia, usiunge mtungi, washa. Geji ikipanda haraka hadi 200, kompresa haina kosa. Tafuta kwenye hozi, kichwa cha kujazia au koki. Ikigota vilevile, zima ikiwa na presha na utazame geji. Ikishuka mbele ya macho, paka povu la sabuni ya maji kwenye kila nati, kila koki na chini ya kifuniko cha filta. Povu dogo linalokua kama jicho la samaki ndipo hapo. Toa presha yote ndipo ukaze. Nati yenye bar 140 nyuma yake haikazwi.

Kama hakuna povu, soma geji za kati iwapo mashine inazo. Kwa mashine ya hatua tatu inayopandisha 200, hatua ya kwanza kwa kawaida huwa karibu bar 6 na ya pili kati ya 35 na 45, ila kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Presha ya hatua fulani ikiwa juu kuliko kawaida, mkosaji ni valvu ya hatua inayofuata: inarudisha hewa nyuma. Ikiwa chini kuliko kawaida, mkosaji ni hatua hiyo yenyewe. Vilevile, valvu ya usalama ya hatua ya pili ikianza kupiga mluzi, watu hukimbilia kuibadilisha hiyo valvu ya usalama. Yenyewe ni nzima. Imeelemewa kwa sababu ya tatu haivuti. Kamwe usiikaze wala kuiziba.

Ukifungua valvu utakuta kisahani chembamba cha chuma. Kikiwa na masizi kioshe kwa petroli na ukikaushe kabisa; kikiwa na mstari uliochimbika tupa, weka kipya pamoja na gasketi mpya. Kusugua kwa msasa hakusaidii, kinapoteza usawa wake. Kaza boliti za hedi kwa msalaba, kidogo kidogo.

Valvu zikiwa safi na bado 140, ndipo mtazame ringi za hatua ya mwisho. Chomoa mrija wa pumzi ya kreki (kasha la chini lenye oili) na uweke kidole: hewa ikikisukuma kwa mapigo, ringi zinapitisha.

Jambo moja la umeme kabla ya yote hayo. Mota ya feizi moja ikipata volti 190 badala ya 230, nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa karibu theluthi moja, kwa sababu nguvu hiyo hufuata kipeo cha pili cha volti. Pima volti kwenye mota ikiwa imebeba mzigo, sio kwenye soketi ikiwa imelala. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba inatosha kukuletea dalili zote ulizoandika. Na washa mashine koki zikiwa wazi, kwani mota ikianza hunyonya ampea mara tano hadi saba ya kawaida.

Ukishaitengeneza, tumia saa kama kipimo chako. Mashine ya lita 100 hujaza lita 12 kutoka 50 hadi 200 kwa dakika 18. Ikianza kuchukua 25, imepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake, hata kama geji bado inafika 200.

Tunajazia mitungi ufukweni kwa kompresa ya injini ya petroli. Wiki mbili hizi wageni wawili wamepanda juu wakilalamika kichwa na kichefuchefu. Hewa haina harufu yoyote. – Msomaji wa Msimbati

Acheni kujaza leo, na fungueni mitungi yote iliyojazwa na mashine hiyo iishe yote. Kutokuwa na harufu hakuwapi usalama. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, na dalili zake ndizo hizo mlizozitaja. Chini ya maji inakuwa kali zaidi: mita 30 ni bar 4, kwa hiyo sehemu 10 kwa milioni kwenye mtungi humfanya mzamiaji kama sehemu 40 juu. Mtu akipanda na dalili hizo apewe oksijeni safi na apelekwe hospitali, kwa upande wenu Ligula, aambiwe daktari wazi kwamba ni hewa ya mtungi.

Tafuteni mambo mawili. La kwanza ni mahali mdomo wa kuvutia hewa unapokaa na eksozi inapotazama. Mdomo uwe upande upepo unakotoka, juu kuliko injini, kwenye mrija mgumu usiobonyea wa mita mbili tatu. Huko kwenu upepo haukai mahali pamoja: asubuhi hutoka nchi kavu, mchana bahari inageuza, na msimu wa kusi una tabia yake. Mashine iliyowekwa sawasawa saa moja asubuhi inaweza kuwa inavuta moshi wake yenyewe saa tano. Fungeni kitambaa chepesi kwenye fimbo kando ya mdomo. Kikigeuka, mzimishe na mgeuze mashine. Tazameni pia jiko la jirani, pikipiki zinazosimama hapo, na moshi wa makumbi yanayochomwa.

La pili ni ndani ya mashine. Oili ya injini ya gari ikiwekwa kwenye kreki ya kompresa huungua kwenye hatua ya mwisho na kutengeneza kaboni monoksidi hata kama nje hewa ni safi. Tumieni oili ya kompresa za hewa ya kupumua tu, na msichanganye ya madini na ya sintetiki. Wekeni katriji mpya yenye hopkaliti. Mtungi wa kwanza baada ya hapo upimwe kwa kipimo cha kaboni monoksidi kabla ya mtu kuweka mdomo. Kifaa hicho kidogo kinunueni kabla ya hozi mpya, kabla ya rangi ya mashine, kabla ya chochote.

Je, naweza kupaka mafuta ya nazi kwenye oringi ya bunduki ya upepo? Hapa Masasi grisi ya silikoni ni shida. – Msomaji wa Masasi

Hapana. Hewa inapoingia ghafla kwa presha kubwa hupata joto la kuwasha mafuta, na mafuta ya nazi yanawaka, sawa na grisi ya gari na oili ya cherehani. Mlipuko mdogo ndani ya valvu unatosha kupasua geji usoni pako. Agiza kichupa kimoja cha grisi ya silikoni halisi kutoka Dar es Salaam. Tone la ukubwa wa punje ya mtama linatosha oringi moja, kichupa kitakaa miaka. Kwa vumbi la huko msimu wa korosho, funika tundu la kujazia kila ukimaliza, na lifute kabla ya kuunga hozi. Chembe moja ya mchanga inakata oringi kama wembe.

Nimeuziwa mtungi wa alumini wa kuzamia, bei nzuri, umepakwa rangi mpya inayong'aa. Niujaze? – Msomaji wa Lindi

Usiujaze bado. Kwanza soma mihuri begani: presha ya kazi, ujazo, na tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa maji, ambayo inatakiwa isizidi miaka mitano. Rangi mpya ikiwa imefunika mihuri, ichubue kwa taratibu bila kugusa chuma. Mtungi uliowahi kukaangwa kwenye joto ili rangi ishike unaweza kuwa umepoteza nguvu kabisa, na kwa macho hutaona. Toa hewa yote, ondoa valvu, mulika ndani kwa kurunzi: unga mweupe, vishimo au mstari wa ufa kwenye nyuzi za shingo ni sababu ya kuukataa. Mitungi ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980 iliyotengenezwa kwa aloi ya 6351 inajulikana kupata nyufa shingoni, na kama muhuri unaonyesha ni ya wakati huo usihangaike nayo. Aliyekuuzia akikataa uupeleke kupimwa, mrudishie.